Hamisheni safari ya Pasaka iwe ya Sabasaba

Swali la msomaji: "Shikamoo mzee. Mimi na wenzangu wanne wa hapa Tabata tumechanga hela ya kwenda kuona maporomoko ya Sanje kule Udzungwa kwenye mapumziko ya Pasaka. Mama yangu, ana miaka 61, amesikia naye anataka kuja. Wawili kati yetu hawajui kuogelea. Nimeona video ya jamaa anaruka kutoka juu ya mwamba hadi bwawani na panaonekana pako salama tu. Je, Pasaka ni wakati mzuri? Ni lazima tulipie mwongozaji au tunaweza kupanda wenyewe? Na mama ataweza?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali matatu, ila ndani yake kuna la nne ambalo hukuliuliza, nalo ndilo lililonikalisha chini nikuandikie kwa kirefu: yale maji yanatoka wapi? Ukishalielewa hilo, mengi utajijibu mwenyewe. Lakini najua wenzako wanakusubiri kwenye grupu, basi chukua kwanza majibu mafupi. Pasaka, hapana. Mwongozaji, lazima. Mama aje, ila si kwa njia mnayoifikiria nyinyi. Na yule jamaa wa kwenye video, msahauni.

Sasa tukae vizuri.

Sanje yanashuka kutoka ukingo wa mashariki wa milima ya Udzungwa, kwa ngazi tatu, jumla mita 170 hivi. Ukitokea Kidatu kwenda Mang'ula, miwa imekuzunguka, unayaona kwa mbali kama uzi mweupe uliolazwa juu ya msitu. Milima hiyo iko upande wa mwisho wa kusini wa Tao la Mashariki, ule mnyororo unaoanzia Taita kule Kenya, ukashuka kwa Upare, Usambara, Ukaguru na Uluguru hadi hapo. Upepo wa Bahari ya Hindi unafika na unyevu wake, unakutana na ukuta, unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga mvua. Ndiyo maana upande ule msitu umeshikana kuanzia bondeni, kama mita 250 juu ya usawa wa bahari, hadi kupita mita 2,000, bila kukatika. Sehemu nyingine za Afrika Mashariki msitu wa namna hiyo umeshakatwa vipande vipande na mashamba.

Basi jiweke pale. Uko bwawani, jua linawaka, anga safi, mwenzako anapiga picha. Nyuma ya ule ukingo, kwenye mabonde usiyoyaona, wingu limekaa tangu asubuhi linamwaga. Maji yote hayo hayana njia nyingine ya kushukia isipokuwa hapo ulipokaa wewe. Mvua ya kuogopa kwenye maporomoko si ile inayokulowesha. Ni ile inayomnyeshea jirani yako wa juu.

Nililijifunza hili vibaya. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana na najiona mjuzi, nilipeleka kundi la wanafunzi kwenye kijito kimoja upande wa Uluguru, hapa hapa kwetu Morogoro. Kijito chenyewe cha kuvuka kwa kuruka mawe. Tukawasha moto kwenye kisiwa cha changarawe katikati, tukabandika sufuria ya wali. Hakukuwa na tone la mvua. Mama mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa ndizi akasimama ng'ambo, akatazama maji, akasema, "Nyinyi watoto, tokeni humo." Mimi nikamjibu kwa adabu kwamba tunamalizia kupika. Hakubishana, aliweka mzigo chini akabaki amesimama. Baada ya dakika chache nikaona jani, kisha jani jingine, kisha vijiti, na maji yaliyokuwa yanaonyesha mchanga chini yakaanza kufifia kama glasi iliyopuliziwa pumzi. Tukatoka mbio. Wali, sufuria, na jozi tatu za viatu vilikwenda na maji. Watoto wote walitoka salama, lakini walitoka kwa sababu ya yule mama, si kwa sababu yangu.

Dalili alizoziona yeye ndizo hizo za kuzikariri. Rangi ikibadilika, hata kidogo, kuelekea chai ya maziwa. Majani na vijiti vibichi vinavyoelea wakati hakuna upepo. Sauti inayoongezeka uzito, ikawa ya kunguruma badala ya kumwagika. Ukifika bwawani, chagua jiwe moja ambalo nusu yake iko nje ya maji, likumbuke, na ulitazame kila mara. Likianza kuzama, mnaondoka, tena mnaondoka kwa kupanda ukingo mlio nao. Msivuke kurudi ng'ambo eti kwa sababu mikoba iko kule.

Turudi kwenye Pasaka. Siku hiyo huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, kila mwaka, maana yake kila mwaka inatua ndani ya masika. Bonde la Kilombero wakati huo limelowa. Njia ya mlimani ni udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni ya mche, kijito unachovuka asubuhi kwa vifundo vya miguu kinaweza kukungoja mchana kikiwa mapajani, na maporomoko yenyewe yanarusha manyunyu mengi kiasi kwamba husogei karibu wala huoni kitu. Watu hudhani maji yakiwa mengi ndiyo mandhari inakuwa nzuri. Kwa kuyatazama kutoka barabarani, ni kweli, Aprili huwa yanapendeza kuliko mwezi wowote. Kwa kuyapandia, ni mwezi wa kukaa nyumbani.

Ushauri wangu ni mwanzoni mwa Julai. Sabasaba ni sikukuu, mkiomba siku moja au mbili mbele au nyuma yake mnapata safari nzima. Mvua imekatika tangu Mei au mwanzoni mwa Juni, njia imekauka, asubuhi kuna kibaridi cha kipupwe kinachofaa kupanda mlima. Na maji bado yapo, hapo ndipo watu wengi hushangaa. Yapo kwa sababu ule msitu ni sifongo. Mvua ya masika haishuki yote kwa mkupuo: inanaswa na majani, kuvumwani, takataka za majani yaliyooza na mizizi, inazama ardhini, halafu inachujika polepole kwa miezi. Maji unayoyaona Julai ni mvua ya Aprili iliyotulia. Ndiyo sababu ni meupe, hayana matope. Mkichelewa hadi Oktoba bado mtapanda vizuri, lakini mtakuta yamekonda, na jua la bondeni litawachosha kabla hamjaingia msituni.

Kuhusu mwongozaji. Udzungwa ni hifadhi ya taifa tangu 1992, chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kilomita za mraba 1,990, na ndani yake hakuna barabara za magari ya watalii. Kila kitu ni kwa miguu. Huingii peke yako, unaandikishwa na unapewa mtu wa kwenda naye. Najua wapo wanaojipenyeza kupitia mashambani ili kukwepa malipo. Hawa wakivunjika mguu hakuna anayejua walipo, na jioni hakuna anayehesabu kwamba kundi fulani halijarudi. Kiingilio cha Mtanzania kiko chini sana ukilinganisha na cha mgeni, bebeni vitambulisho vya NIDA. Fedha taslimu hazipokelewi langoni, malipo ni kwa namba ya malipo au kadi, kwa hiyo hela iwe kwenye simu au benki, isije ikawa noti mfukoni halafu mnaanza kuhangaika.

Lakini hata kama ingekuwa hiari ningekwambia mlipie. Mle kuna tembo. Watu wanaposikia Udzungwa wanafikiria nyani na vipepeo, kisha wanakutana na kinyesi kibichi katikati ya njia na hawajui wageuke wapi. Mwongozaji anajua jana walikuwa bonde gani. Na kuna masikio yake. Mimi nimepanda milima miaka mingi, ila macho yangu msituni bado ni ya mtu wa mjini mbele ya mtu wa Sanje. Atakusimamisha ghafla, atanyanyua kidole, na utasikia juu ya miti sauti ya kama mtu anayecheka akiwa na maji mdomoni. Huyo ni mangabei wa Sanje, tumbili anayepatikana Udzungwa tu, hakuna mahali pengine duniani. Wanasayansi walimtambua 1979. Wanakijiji walikuwa wakimsikia tangu enzi za mababu, ila hakuna aliyewauliza. Mbega mwekundu naye ni wa milima hiyo hiyo, na huyo hana aibu, atawatazama kutoka tawini kama jirani aliyekaa barazani.

Njia ya Sanje inaanzia kijiji cha Sanje, kaskazini kidogo ya Mang'ula yaliko makao makuu ya hifadhi. Kwenda, kukaa na kurudi ni kama saa nne kwa watu wa kawaida. Nyinyi hesabuni sita, kwa sababu mtasimama kupiga picha. Ni mpando, tena mpando wa kweli, mwanzoni wenye joto la bonde, kisha unaingia kivulini na jasho linageuka baridi mgongoni. Muwe mmeanza saa mbili asubuhi. Milimani mawingu hupenda kujikusanya mchana, hata kiangazi, na chini ya miti mikubwa giza huingia mapema kuliko saa yako inavyosema. Kanuni yangu ni kwamba saa nane mchana, popote tulipo, tunageuza. Nimeshalaumiwa sana na watu waliokuwa wamebakiza "kidogo tu".

Sasa bwawa, na yule jamaa wa video. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna methali isemayo maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kwenye maporomoko hata uliyoyafika mwaka jana huyajui. Kila masika mafuriko yanasukuma mawe na magogo, yanachimba hapa na kufukia pale. Bwawa lililokuwa na kina cha mita nne wakati wa video linaweza kuwa na jiwe la ukubwa wa friji lililokaa mita moja chini ya uso, na kwa jinsi povu lilivyo jeupe hutaliona. Mtu akiruka kutoka mita 10 anafika kwenye maji kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Fikiria daladala iliyo kwenye mwendo huo, na breki yake ni jiwe.

Povu lenyewe nalo ni mtego. Watu hulipenda, wanalikimbilia, lakini ule weupe ni hewa, na hewa haibebi mtu. Mwili unaoelea vizuri pale Coco Beach, mle ndani ya povu unazama. Halafu maji yanayoanguka hayasimami. Yanazama hadi chini, yanasogea mbele, yanaibuka, na sehemu ya juu inarudi nyuma kuelekea pale pale yanapoangukia. Kwa hiyo ukisogea karibu mno, uso wa maji unakuvuta ndani, na anayeogelea kurudi nje anapambana na gurudumu lisilochoka. Kusimama chini kabisa ya mporomoko ili maji yakupige mgongoni, nako siruhusu. Mto unabeba vitu. Jiwe la ukubwa wa embe likiachiwa kutoka mita 50 linafika chini kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na halipigi honi.

Ila kwa Sanje hasa, kitu ninachokiogopa kuliko vyote ni kile ambacho wageni hawakioni kabisa. Nimesema yanaanguka kwa ngazi. Maana yake bwawa zuri la katikati, lile tulivu linalovutia kila mtu, lina mlango wa kutokea, na mlango huo ndio ukingo wa poromoko linalofuata. Upande ule maji ni laini, hayana kelele, hayana povu, yanateleza kama mafuta. Mtu asiyejua kuogelea anayakimbia yale yenye kelele na kuyafuata haya yaliyotulia. Hao wenzako wawili waambie hivi: kelele ikae mbele yenu, ukimya usiwe nyuma yenu. Wakae pembeni, kwenye kina cha magoti, mahali ambapo mwongozaji amesimama yeye mwenyewe kwanza. Na siku akisema leo hakuna kuingia majini, msimpe hela ya soda ili abadilishe mawazo.

Wanaojua kuogelea waingie kwa kutembea, taratibu, wasijitupe. Maji yale yametoka juu, ni ya baridi, na mwili uliotoka kupanda mlima ukiingizwa ghafla kwenye baridi hutweta bila kuuomba ruhusa. Ukitweta kichwa kikiwa chini ya maji, umemeza. Jiloweshe miguu, mikono, uso, shingo, subiri pumzi itulie, ndipo uzame.

Na mawe. Jiwe lililokauka, la kijivu au jeupe, liamini. Jeusi linalong'aa, au lenye ukoga wa kijani, liogope hata kama ni bapa kama meza. Waliowahi kuteleza mbele ya macho yangu karibu wote walikuwa wanafanya jambo moja: wanarudi nyuma huku wametazama simu. Anayepigwa picha asimame kwanza mahali pake, mpiga picha ndiye ahangaike kutafuta pembe, tena naye asimame kila anapobonyeza.

Mtu akidondoka majini na mkondo ukamshika, yule rafiki jasiri anayejitupa kumfuata ndiye anayegeuza msiba mmoja kuwa miwili. Lala kifudifudi ukingoni, mtu mwingine akushike miguu, umrushie kitu. Kitu gani? Mwambie mama abebe doti mbili za kanga. Vipande vinne vikifungwa ncha kwa ncha vinakupa karibu mita tano, fundo likilowa linajikaza lenyewe. Kanga hizo hizo zitamfunika mwenye baridi, zitafunga vijiti kwenye mguu uliovunjika, zitatandikwa chini wakati wa kula. Kwenye begi langu la safari hakuna kifaa kinachonipa huduma kama kanga, na nilinunua vingi vya bei mbaya kabla sijakubali.

Sasa mama. Kwanza usimhesabu kama mzigo. Wamama wa rika lake wengi wamekua wakitembea kwenda shamba na kisimani, na nimewahi kuona kijana wa gym amekaa chini anahema huku bibi mmoja aliyekuja na ukoo wake ameshafika juu anamenya chungwa. Miaka 61 peke yake hainisumbui. Kinachonisumbua ni magoti, na magoti hayalii wakati wa kupanda, yanalia wakati wa kushuka. Kila hatua ya kushuka uzito wote unatua juu ya goti moja, mara elfu kadhaa.

Kwa hiyo mpime kabla. Mna miezi ya kutosha hadi Julai. Jumamosi tatu au nne mpeleke milima ya Pugu, mtembee saa mbili, mpande na kushuka. Usimuulize siku hiyo anajisikiaje, maana atakwambia yuko salama ili asiachwe. Muulize kesho yake asubuhi anapoinuka kitandani. Akiwa na presha au sukari apite kliniki kwanza, na dawa zake zikae kwenye begi analobeba yeye, si kwenye gari. Mkatieni fimbo nzuri inayofika kiunoni, au nunueni ya kisasa kama mnazo hela. Apangiwe kutangulia, yaani nyinyi nyote mfuate mwendo wake. Kundi likitembea kwa mwendo wa wenye haraka, yule wa nyuma hapumziki kamwe: akiwafikia mliokaa kumsubiri, ndiyo kwanza mnainuka.

Na kama Pugu itaonyesha magoti hayapo, bado aje. Karibu na makao makuu pale Mang'ula kuna poromoko dogo linaloitwa Prince Bernhard, kwa jina la mume wa Malkia Juliana wa Uholanzi. Mume huyo ndiye aliyeifungua hifadhi. Ni mwendo mfupi kutoka langoni, msitu ni ule ule, mbega ni wale wale. Lalieni Mang'ula, siku ya kwanza mwende wote Prince Bernhard pamoja na mama, siku ya pili vijana mpande Sanje na mmoja wenu abaki naye. Anayebaki apigiwe kura kabla ya kuondoka Dar, msije mkaanza kununiana kule.

Mengine nayapitia haraka. Viatu ni raba zenye meno, zilizokwisha kuvaliwa, si mpya. Kandambili ni za kuvaa bwawani tu. Suruali ndefu, ncha zikiwa ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na mkono usishike ovyo matunda yenye manyoya pembeni mwa njia kwa sababu upupu haujali umetoka mjini. Maji lita mbili kila mtu, na ya kijitoni msinywe bila kuchemsha hata yawe meupe vipi, juu yenu kuna wanyama. Chakula kitu kikavu, chapati na mayai ya kuchemsha. Simu kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, yale manyunyu yanaingia popote.

Magonjwa mawili ya kuangalia, na yote mawili yako chini bondeni kuliko mlimani. Kichocho huletwa na konokono wanaoishi kwenye maji yaliyotuama au yaendayo polepole yenye majani, kama mifereji na majaruba ya mpunga. Maji baridi ya kasi kule juu si mahali wanapopapenda. Kwa hiyo ukishatoka bwawani usihitimishe safari kwa kuoga kwenye mfereji wa shambani. Jingine ni malaria. Bonde la Kilombero limekuwa na mbu wa malaria kwa wingi kiasi kwamba utafiti mkubwa wa nchi hii kuhusu malaria umefanyika Ifakara. Laleni ndani ya chandarua, jioni vaeni mikono mirefu, na yeyote atakayepata homa wiki mbili tatu baada ya kurudi akapime, asijitibu kwa panadol akisingizia uchovu wa mlima.

Usafiri: kutoka Dar mnaweza kupanda treni ya SGR hadi Morogoro, kisha stendi ya Msamvu mtafute basi la Ifakara. Linakata kushoto Mikumi mjini, linashuka Kidatu, linavuka Ruaha Mkuu, na kama kilomita 60 tangu Mikumi mko Mang'ula. Mkiwa na gari lenu, kwenye kile kipande kinachokatiza hifadhi ya Mikumi dereva asijisahau, kumgonga hata swala kuna faini yake. Reli ya TAZARA ina kituo Mang'ula, ila ratiba muulizie kwanza.

Wenzako watakasirika kwamba nimewaharibia Pasaka. Hela iliyochangwa haiozi, na wakitaka kutoka kwa vyovyote vile, hiyo Jumatatu ya Pasaka mpelekeni mama Pugu kwa jaribio la kwanza. Wiki moja kabla ya Sabasaba piga simu hifadhini. Usiwaulize kama kuko salama, swali hilo kila mtu hulijibu "karibuni sana". Waulize maji yana rangi gani leo, na jana yalikuwa na rangi gani. Wakikwambia yanaonyesha mawe chini, njooni. Wakikwambia yamekuwa kama chai ya maziwa, hata kama ni Julai na huko Dar hamjaona wingu, ishieni Mikumi mwangalie tembo, halafu nipigie nikwambie lini mje.